Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Daftari Kwanza, Dhahabu Baadaye

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumempoteza mmoja wa wazee walioanzisha chama hiki cha wakusanya sarafu. Wengi wenu mlimfahamu, mzee wetu wa Tanga, aliyekuwa hakosi mkutano hata pale safari ilipomwia ngumu. Nilikwenda kuhani, na baada ya arobaini kijana wake akaniita tena nyumbani. Aliniwekea mbele yangu boksi la kandambili lililojaa bahasha ndogo za kaki, zimepangwa kwa mfuatano, kila moja ina mwandiko wa marehemu kwa wino wa bluu. Nikachukua ya juu. Iliandikwa: “Pangani, 1987. Heller 5 ya mwaka 1909. Kwa bibi muuza maandazi, aliikuta kwa mama yake, walikuwa wakiiweka juu ya kifuniko cha chungu kisiinuliwe na mvuke.” Heller ilikuwa sarafu ya hapa kwetu enzi za Wajerumani. Ndani ya bahasha hamkuwa na kitu. Ya pili hamkuwa na kitu. Boksi zima lilikuwa bahasha tupu.

Sarafu zenyewe zilikuwa zimemwagwa kwenye ndoo. Za shaba zilipimwa kwa kilo, zikaenda na vyuma chakavu. Za fedha zilikwenda kwa sonara. Familia haikufanya hivyo kwa ubaya. Ilikuwa na deni la hospitali, na hakuna aliyewahi kuwaambia kilichokuwamo kabatini. Sisi ndio tuliokuwa tukijua, na hatukuwahi kukaa na familia ile hata siku moja. Hilo nalibeba kama mwenyekiti.

Nimeanza na habari hii kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mawazo kuhusu kazi ya mwaka ujao. Mtakumbuka kwamba Kamati ilimwomba kila mwanachama aandike jambo moja tu ambalo angetaka chama kilifanye kabla ya mengine. Majibu yalikuwa ya moyo, na nawashukuru. Walioandika “ofisi” walikuwa wengi. Wengine waliomba orodha ya bei, wengine maonyesho makubwa, na kundi moja, ambalo nalijua vizuri kwa sababu nilikuwa mmoja wao, liliomba chama kinunue sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora enzi za Wajerumani. Hazina yetu haitoshi hata mambo mawili kati ya hayo. Lazima tupange.

Kamati imekaa vikao vitatu, na pendekezo tunaloleta kwenu ni hili: cha kwanza kiwe daftari. Daftari la taifa la sarafu zilizomo mikononi mwa wanachama na familia zao, litakaloandika sarafu ni ipi, na zaidi ya hapo imetoka wapi, lini, kwa nani, na huyo aliyekuwa nayo alisimulia nini.

Nieleze basi kwa nini nimeiacha dhahabu ya Tabora, maana wapo walioniuliza kwa uchungu. Naipenda sarafu ile. Nimewahi kuishika mara moja maishani, tembo akiwa ameinua mkonga na mlima nyuma yake, na mkono ulinitetemeka. Ilipigwa mwaka 1916 katika karakana ya reli, vita vikiwa vimewakatia Wajerumani njia ya bahari na fedha kutoka Ulaya haziingii tena. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa zaidi kidogo ya 16,000, kabla jeshi la Wabelgiji halijauchukua mji mwezi Septemba mwaka huohuo. Yote haya yanajulikana. Yameandikwa katika kila katalogi ya dunia, na picha zake zimejaa. Tukinunua moja tutakuwa tumetumia akiba yote kupata kitu ambacho wengine wameshakieleza, na katika soko lililojaa za bandia hatutakuwa na uhakika hata wa hicho. Sarafu halali ina gramu 7.16 au pungufu kidogo tu kwa kuchakaa, lakini waghushi wa siku hizi nao wana mizani.

Sasa mwanachama wetu wa Tabora alifanya nini mwaka huu? Alizunguka kwa baiskeli katika mitaa anayoijua akitafuta heller 20 za mwaka uleule wa 1916, zile za shaba nyekundu na za njano, zenye herufi T chini ya mwaka. Hizi ndizo walizolipwa watu wa kawaida, zilizopigwa kwa chakavu chochote kilichopatikana, yakiwemo maganda ya risasi. Hazina bei kubwa. Amezipata katika nyumba kadhaa, na kila nyumba amekaa, amekunywa chai, ameandika. Moja ilikuwa imetobolewa karibu na taji, na mwenye nyumba akamweleza kwamba alivalishwa sarafu hiyo shingoni alipokuwa mtoto mchanga, kama alivyovalishwa baba yake. Tundu lile katika soko ni kasoro, linashusha bei. Katika daftari letu tundu lile ndilo habari yenyewe. Hakuna katalogi ya London wala Berlin itakayoliandika tusipoliandika sisi.

Wanaotaka ushahidi kwamba kipande cha karatasi kinaweza kuwa na thamani kuliko sarafu, watazame sarafu za Kilwa zilizookotwa Australia. Mwaka 1944 askari Maurie Isenberg, akiwa kwenye kisiwa cha Marchinbar kaskazini mwa nchi ile, aliokota ufukweni sarafu chache, akazitia kwenye mkebe, akazisahau miaka mingi. Zilipofikishwa kwa wataalamu mwaka 1979 ikaonekana kwamba nne ni za Waholanzi na tano ni za masultani wa Kilwa. Yeye akaweka alama ya X kwenye ramani kuonyesha alipozikuta. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko, lakini wana mahali pa kuanzia ubishi. Bila ile X zingekuwa vipande tisa vya chuma katika mkebe.

Na hapa kwetu tuna mfano mkubwa zaidi. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri wa zama zile. Kwa kuwa zilikutwa pamoja, na habari zake zikaandikwa, dinari zile zilisaidia kukadiria kwamba hazina ilizikwa karne ya 11. Wanahistoria wakalazimika kuangalia upya nyakati za watawala wa kwanza wa pwani. Fikirini kama mtu angezikuta akachuja dhahabu akauza, fedha akampa sonara.

Jambo la pili katika mpangilio wetu linatokana na hilo, na najua litawaudhi baadhi yenu. Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao sarafu za Kilwa, Mafia, Pemba na pwani yote za kabla ya mwaka 1863 zisiwekwe kabisa kwenye meza yetu ya kubadilishana na kuuziana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda: hakuna ruhusa ya kuzichimba wala kuzitoa nje ya nchi bila kibali. Zanzibar nayo ina sheria zake. Tumekuwa tukilijua hili na kulipita kando.

Katika kikao cha mwezi wa sita mwanachama mmoja alisema hoja ambayo siwezi kuidharau. Alisema: “Mwenyekiti, nikiacha kununua mimi, atanunua mtalii, na itaondoka kabisa.” Nimelala na hoja hiyo usiku mwingi. Nilikwenda Kilwa Kisiwani mwenyewe, maji yakiwa yametoka. Mvulana mmoja alinijia ufukweni na kiganja kimekunjwa, akakifunua: sarafu tatu nyembamba za shaba, kubwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, zimekuwa kijani, zina chumvi. Moja ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang’aa, apate bei nzuri. Maandishi yalikuwa yamekwisha. Mtoto yule alisugua kwa sababu kuna wanunuzi wanaopenda zinazong’aa, na baadhi ya wanunuzi hao wana kadi ya chama hiki. Tukiendelea kununua, tunamwambia arudi akachimbe. Sikununua. Nilimweleza ni nini, nikampeleka kwa ofisa wa mambo ya kale aliyekuwapo kisiwani, na tukakaa watatu tukisoma moja ya zile mbili zilizobaki kwa kioo cha kukuzia.

Mnajua zilivyoandikwa? Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zinaishia kwa kina kimoja, kama mishororo ya shairi. Kwenye sarafu za Sultani Ali bin al-Hasan, upande wa pili unasema kwamba anamtegemea Bwana wa neema, na kwa Kiarabu maneno hayo yanaishia sauti moja na jina lake. Watu wa mji ule walikuwa wakilipia samaki kwa ubeti. Yule mvulana alipoelezwa hivyo aliichukua sarafu akaitazama tena kana kwamba hakuwahi kuiona. Sitaki kitu kile kisuguliwe tena kwa ajili yetu.

Niseme na hili hapohapo: acheni kusafisha. Ndimu, majivu, chumvi, waya wa kusugulia sufuria, dawa ya meno, vyote viacheni. Ile rangi iliyokaa juu ya shaba kwa miaka mia ni ngozi yake, ukiivua hairudi. Kama kuna vumbi, maji safi na kukausha kwa kugusa, basi. Na albamu za plastiki laini zinazonuka zikiwa mpya zitupeni, hasa mnaoishi pwani. Joto na unyevu huzifanya zitoe ute wa kijani unaoila sarafu. Bahasha ya karatasi ya kawaida, kama za mzee wetu, ni bora mara nyingi.

La tatu ni shule. Mwaka huu tulifika chache tu, nauli zikitoka mifukoni mwa waliojitolea, na nawashukuru kwa majina katika kiambatisho cha katibu. Katika shule moja ya msingi nilimpa binti wa darasa la tano heller 1, ile ndogo ya shaba yenye taji. Akasoma herufi moja moja, “he-lle-r”, akanyamaza, kisha akapaza sauti: “Hii ndiyo hela yenyewe?” Darasa zima likasimama. Kila siku wanatumwa dukani na hela, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba neno hilo lilibaki mdomoni miaka zaidi ya mia moja baada ya sarafu yake kuondoka. Tukaendelea: pesa iliyotoka Bara Hindi, thumni iliyokuwa sehemu ya nane, ndururu ya senti tano yenye tundu katikati ambayo bibi zao walizitunga kwenye uzi, dala ya shilingi tano iliyowaachia jina la daladala. Wanawajua kifaru wa shilingi 50, swala wa 100, simba wa 200 na nyati wa 500. Mbuni wa senti 20 na sungura wa senti 50 za mwaka 1966 hawakuwahi kuwaona. Walizigombania.

Tunaomba mwaka ujao tutengeneze masanduku machache ya sarafu halisi za bei ndogo, kila kanda iwe na lake, yazunguke shuleni. Sarafu zitoke kwa wanachama. Nina hakika kila mmoja ana senti tano ya ziada, ile yenye picha ya samaki samsuli.

Ofisi itasubiri. Orodha ya bei itasubiri pia, na kwa maoni yangu isubiri muda mrefu. Maonyesho tutayafanya daftari likiwa na kitu cha kuonyesha. Kwa wanachama wapya, ambao kila mwezi wananiletea reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha ya Austria, wakidhani wamepata utajiri: mwaka 1780 ulioandikwa pale uliendelea kupigwa kwenye kila moja kwa zaidi ya karne mbili baadaye. Njooni nazo hata hivyo, mtueleze ilikotoka.

Kuhusu utaratibu wa daftari: kila sarafu itapigwa picha pande mbili, itapimwa uzito kwa mizani ya sonara na upana kwa rula, na maelezo yaandikwe kwa maneno ya msimuliaji mwenyewe. Jina na makazi ya mwenye sarafu vitakaa kwenye kitabu tofauti kwa katibu, chini ya kufuli, ili wezi wasipate ramani ya nyumba zetu. Fomu ina sehemu ya saini ya mtu mmoja wa familia, mke, mume au mtoto, kuthibitisha kwamba ameonyeshwa mkusanyo na anajua wa kumpigia simu. Sehemu hiyo ni ya lazima. Fomu isiyo na saini hiyo hatutaipokea, hata ikitoka kwa mwenyekiti. Yangu imeshasainiwa na binti yangu.

Hesabu zimekaguliwa na mtunza hazina atazisoma. Uchaguzi wa Kamati utafuata baada ya chakula cha mchana.

Familia ya marehemu imetukabidhi zile bahasha. Zote zitaingia kwenye daftari, kuanzia namba moja, kila moja na maneno yake, na kwenye nafasi ya picha tutaandika “sarafu haipo”. Boksi litakuwa mezani mlangoni. Kila mwanachama anaombwa kuja na sarafu moja, na mtu mmoja wa nyumbani kwake.