Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wanaoishi na Magonjwa Sugu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaoisha. Kamati ya utendaji ilikutana kila robo mwaka. Semina za kisukari, shinikizo la damu na figo zilifanyika, wagonjwa walitembelewa, misiba ilihudhuriwa. Hayo mnayajua na picha zake mmeziona kwenye kundi letu la simu, kwa hiyo sitayarudia.

Niingie kwenye jambo lililozungumzwa sana, mara nyingi mimi nikiwa sipo: uamuzi wa kamati wa kufuta sherehe ya mwisho wa mwaka na fedha yake kuielekeza kwenye vipimo na mazoezi ya nguvu. Nimesemwa vya kutosha. Yupo aliyedai mwenyekiti amegeuza chama cha wagonjwa kuwa kambi ya jeshi. Nilinyamaza, ila leo naomba nisikilizwe.

Sukari na presha tunapima mpaka tumekuwa nusu wauguzi. Nguvu za misuli hakuna anayezipima, na ndizo zinazotuishia bila taarifa. Maradhi ya muda mrefu huufanya mwili uvunje misuli haraka kuliko unavyoijenga. Dawa za steroidi zikitumika kwa muda mrefu huongeza hasara hiyo, hamu ya kula nayo hupungua, halafu sisi wenyewe kwa woga tunajilaza. Wenzangu wa kisukari wazingatie zaidi, kwani misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo.

Vipimo hivi sikuvitunga mimi. Upungufu huo wa misuli, sarkopenia, ulipewa jina na Irwin Rosenberg mwaka 1989, na mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2019 umeweka mipaka ya udhaifu: nguvu ya mshiko wa mkono chini ya kilo 27 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, kuchukua zaidi ya sekunde 15 kusimama kitini mara 5, na mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde au pungufu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewataja waziwazi wenye magonjwa sugu: mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, mbali na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa kadiri ya uwezo wa mtu.

Kiti chenyewe ni kigumu, hakina pa kuegemeza mikono, mgongo wake umegusa ukuta. Unakunja mikono kifuani, unasimama wima, unakaa, unarudia. Wanaosema watu waliaibishwa wajue kwamba matokeo ya kila mmoja yaliandikwa kwenye kadi akakabidhiwa mwenyewe. Yaliyosomwa kwa sauti ni ya kwangu tu, kwa hiari yangu, na hayakuwa mabaya.

Mama mmoja kati yetu, anayesafishwa damu, siku ya kwanza alikwama alipotaka kusimama mara ya pili, mikono ikashuka kutafuta mapaja. Aliendelea kuja. Sasa anainuka chooni bila kumwita binti yake. Ameniruhusu kulisema hili. Mnitajie sherehe iliyowahi kumpa mtu kitu kama hicho.

Kwa wanaojitetea kwa umri: mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya wazee 10 dhaifu wa miaka kama 90, waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baada ya wiki 8 za mazoezi ya uzito, nguvu za miguu za 9 waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Baadhi yetu hatujafika hata 60 na tunasema tumechoka.

Hata hivyo, asianze mtu bila ridhaa ya daktari wake. Na habari ya kuongeza protini msiitupe ovyo kwenye kundi: mwenye figo dhaifu ambaye hajaanza kusafishwa damu hapewi ushauri sawa na anayesafishwa.

Sasa mahudhurio. Siku za mazoezi viti vingi vilibaki vitupu, ilhali siku ilipovuma habari ya sare mpya ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Daftari lina wanachama 96. Waliolipa ada yote ni 41, waliolipa nusu 18, na 37 hawajatoa hata senti. Nasikitika kusema kwamba kati ya hao 37 wamo waliolalamikia sherehe kwa sauti kubwa kuliko wote. Mtaalamu wa fiziotherapia amekuwa akitusubiri kwa malipo yake, na zaidi ya mara moja nimeziba pengo kwa mfuko wangu, jambo ambalo sikupenda kulitaja.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuongeza vifaa, kupata ukumbi usio na ngazi, na kuwafikia wasioweza kutoka nyumbani. Kamati italitazama suala la sherehe hali ya fedha ikiruhusu.

Mweka hazina amekaa karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi anacho. Kiti kipo pembeni yake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti