Barua kwa mwanangu: kazi ya mwaloni na vipindi vya asubuhi

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko chuoni Malimbe? Sisi huku hatujambo, na mguu wa baba yako unaendelea vizuri. Nimeona bora niandike, maana kwenye simu ukishaniambia "sawa mama" najua hujanisikia.

Mama yako mdogo amerudi kutoka Kirumba kuuza mzigo. Anasema alikukuta mwaloni, pale dagaa wanaposhushwa na kuuzwa, saa 11 alfajiri, umeshika daftari, unamwandikia tajiri magunia ya dagaa. Alisimulia kwa kukusifia: tajiri anakuamini, hesabu zako hazipindi, na wanunuzi wa Kongo wanakuita mwalimu. Nilifurahi, sikufichi. Halafu nikamuuliza ilikuwa siku gani, akasema Jumanne. Jumanne una kipindi saa 2 asubuhi, ulinitajia mwenyewe siku ratiba ilipotoka. Sasa niambie, siku hiyo uliingia darasani saa ngapi?

Sikukatazi kufanya kazi. Mzazi wa kukataza ni yule anayetuma hela kila mwezi, na hali ya hapa nyumbani unaijua. Ila kazi ya dagaa naifahamu, na kazi hiyo haina nusu siku. Kukiwa na mbalamwezi wavuvi hawatoki, taa zao haziwavuti dagaa, mzigo unapungua, na tajiri atakuambia kwa upole nenda kasome. Zikiingia siku za giza, mwezi ukiwa haupo, atakutaka kila alfajiri, Jumatatu hadi Jumapili, na hapo atasahau kabisa kwamba wewe ni mwanafunzi. Chukua kalenda uone mitihani yako ya mwisho wa muhula imeangukia giza au mbalamwezi. Ikiangukia giza, mwambie mapema, leo, usingoje wiki ya mtihani.

Halafu wewe unasoma uhasibu, hebu piga hesabu. Tajiri anakupa 8,000 kwa siku. Saa 10 alfajiri hakuna daladala, kwa hiyo unapanda bodaboda kutoka Nyegezi, unapita Mkuyuni, Igogo, mjini, ndipo ufike Kirumba. Ukitoa bodaboda, ukitoa chai na chapati, mfukoni inabaki shilingi ngapi? Boom, hela yenu ya mkopo wa chuo, ni 10,000 kwa siku, na hela hiyo umekopeshwa ili ule, ulale, usome. Ukishaajiriwa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka deni liishe, uwe ulisoma au ulisinzia. Sitaki ulipie usingizi wa darasani mpaka uzeeni.

Ulisema boom ilichelewa. Naamini. Lakini ile laki moja uliyotuma ya bati iliingia siku zilezile ulizosema huna hela ya kula, na mimi sikuuliza imetoka wapi. Bati zimeshapigwa, chumba cha nyuma hakivuji tena. Usitume nyingine. Nasema hivi na baba yako anajua ninachokuandikia.

Mjomba wako, unajua alivyokaa miaka kwenye chama cha wafanyakazi, ameniambia nikufikishie haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na saa hizo zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Hilo sidhani kama litakutajirisha. Kubwa ni hili: gunia likipungua, tajiri hana ruhusa ya kukukata tu. Lazima kosa liwe lako, akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mwaloni magunia hupungua, mwanangu, na anayeandika ndiye anayetazamwa kwanza. Kila gunia lihesabu mbele ya kuli na mwenye mzigo, wote wawili, na nakala ya daftari ukae nayo.

Mimi ningependa utafute tuisheni. Nyegezi na Mkolani wazazi wengi wanataka mtu wa kuwakalisha watoto wao na hisabati jioni, kuanzia saa 11 hadi saa 1, na wewe ulimfundisha mdogo wako hesabu za sehemu mpaka akazipenda. Au stesheneri za karibu na chuo, za kuchapa na kutoa kopi, ukiomba zamu ya jioni tu. Hela ni ndogo, najua, lakini unakwenda kwa miguu na unalala. Kama mwaloni umeshapazoea, basi iwe Jumamosi peke yake. Asubuhi za vipindi sitaki. Ulinieleza mwenyewe kwamba chuo hakimruhusu mtu kufanya mtihani mahudhurio yakiwa chini ya asilimia 75, na mahudhurio hayaongezwi kwa sababu ulikuwa unahesabu magunia.

Mdogo wako yuko kidato cha nne sasa, anasoma kwa taa ya sola usiku, namwambia alale hasikii. Mmelingana. Mvua za wiki iliyopita zimenilowanishia dagaa wote waliokuwa mchangani, nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Nimewaambia wenzangu kwenye kikundi tujenge vichanja vya kuanikia, wanasema mbao ghali. Mbuzi mweupe amezaa pacha.

Nimempa mama yako mdogo unga wa muhogo, machungwa, na dagaa wa kukaanga kwenye ndoo yenye mfuniko wa bluu. Anapanda meli Alhamisi, ukampokee bandarini mchana, siyo asubuhi, asubuhi una kipindi. Ndoo ni yake, umrudishie. Na mpe karatasi yenye ratiba yako yote, siku na saa, aniletee. Nitaibandika ukutani hapa, na Jumanne saa 2 nitapiga simu. Nataka niikute imezimwa.

Mama yako