Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kabla Hujashika Msasa

Ndugu wanachama,

Assalamu alaykum, Bwana asifiwe, na habari za mwaka kwenu nyote.

Kwanza tuwakumbuke waliotutangulia. Mzee wetu wa Ngamiani, aliyetufundisha wengi kusikiliza injini kwa bisibisi iliyoegeshwa sikioni, alitutoka siku chache kabla ya mfungo. Kamati ilikwenda mazikoni, na rambirambi zilifika kwa familia. Safari ya Pangani ilifanyika. Pikipiki mbili zilirudi juu ya Canter, wenyewe wanajijua. Mahesabu atayasoma mweka hazina, mimi nitaongeza neno moja tu huko chini. Nafasi iliyobaki naomba niitumie kwa ile BSA, pikipiki ya zamani ya Kiingereza, maana ndiyo iliyotutoa jasho na ndiyo iliyotugombanisha.

Kwa ambao hawakuwepo ilipoletwa: ni BSA M20 iliyokuwa imelala kwenye ghala la shamba la mkonge, njia ya kwenda Muheza, chini ya magunia na kinyesi cha popo. Marehemu aliyekuwa nayo aliinunua, kwa maelezo ya watoto wake, kutoka kwenye mali za jeshi zilizouzwa baada ya vita. Familia walitukabidhi kwa ombi moja tu: tuwaambie kipi kilikuja na pikipiki, kipi aliweka baba, na kipi kimebandikwa na mafundi wa juzi.

Ombi rahisi kulisikia. Wiki ile ile baadhi yenu mlikuwa na kopo la rangi mkononi mkitaka iwe tayari kwa maonyesho. Nilikataa, na najua niliitwa mkaidi. Sababu ninayo. Miaka iliyopita niliivua pikipiki yangu ya kwanza ya Kiingereza usiku mmoja, nikaipeleka kupigwa mchanga kwenye gereji moja ya mjini, na waya zote nikazitupa kwenye pipa kwa kuwa zilikuwa chafu. Gereji walirudisha fremu inang'aa, namba ya chesisi imefifia nusu. Ile ya waya kosa langu mwenyewe: hadi leo sijui ule mmoja wa kahawia ulikuwa unatoka wapi kwenda wapi.

Basi tukaanza na namba. Ya injini ipo upande wa kushoto, chini ya silinda, imeanza na WM20. Ya fremu nayo ina WM20, lakini tarakimu zinazofuata ni nyingine kabisa. Hapo mwanachama mmoja akatangaza palepale kwamba tumepewa mchanganyiko, injini ya huku na fremu ya kule. Si kweli, na naliandika hapa ili lisirudi mkutanoni. BSA wa miaka ile walikuwa na mlolongo wao wa namba za injini na mwingine wa fremu, na hawakuzilinganisha. Zikifanana sana kwenye M20, hapo ndipo pa kutoa tochi uangalie kama kuna mtu amegonga namba upya. Tulichotafuta sisi ni alama za tupa: je, bati limelainishwa, tarakimu zimelala mteremko, au kuna kivuli cha namba ya zamani? Hapakuwa na tupa. Herufi W yenyewe inatueleza kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi.

M20 ilianza kutoka Birmingham mwaka 1937 na iliendelea hadi 1955: silinda moja, ujazo wa cc 496, valvu zikiwa pembeni, mwendo wa mzee anayekwenda msikitini. Wakati wa vita zilitengenezwa zaidi ya 120,000, na ndiyo maana zimetapakaa kila mahali jeshi la Uingereza lilipopita. Kule Pematangsiantar, Sumatra, wamezifungia vibebeo pembeni na kuzifanya teksi za mji. Yetu ina shokapu za mbele za kizamani, zile za vyuma vinavyocheza na springi moja kubwa katikati. M20 za raia zilipata shokapu za mabomba kuanzia 1948, kwa hiyo ubishi wa kwamba hii ni ya miaka ya 50 ukafa hapo.

Rangi ya juu ni nyeusi ya brashi, na alama za nywele za brashi zinaonekana. Hatukutumia msasa. Tulichukua pamba na mafuta ya taa, tukasugua mahali pa upana wa shilingi nyuma ya kisanduku cha spana. Chini ya nyeusi kuna buluu nyepesi, chini ya buluu kuna kahawia iliyokolea. Jeshi walitumia kijani cha khaki mwanzoni mwa vita, kisha kahawia kuanzia 1941, halafu kijani cha zeituni kuanzia 1944, kwa hiyo kahawia imekaa mahali pake. Siku ya tatu, kwenye ubavu wa tangi, Katibu aliona kitu kama kovu chini ya nyeusi. Tukapunguza polepole, kidole kwa kidole. Ikatoka herufi C, ikafuatiwa na tarakimu tatu za rangi nyeupe, kisha kutu ikala zilizobaki. C ndiyo herufi jeshi walizipa pikipiki kwenye namba zao za usajili. Mtoto mkubwa wa marehemu alisimama pale akiitazama kwa muda mrefu. Alisema tangi hilo amelipanda tangu akiwa na miaka minne na hakuwahi kujua.

Fikirieni sasa lile kopo la rangi.

Bolti hazikutuchelewesha. BSA wa zamani hawajui milimita, na spana zako ndizo zitakuambia. Kwenye nati nyingi za M20, 13 inakataa kuingia na 14 inacheza, kwa sababu ni kipimo cha Kiingereza cha zamani, Whitworth, cha robo inchi. Ikiwa 13 imeingia na kukaa barabara, bolti hiyo ilinunuliwa dukani kwetu. Tumezihesabu za namna hiyo, zimejaa kwenye madigadi na kwenye kiti. Kabureta sitaieleza sana: ni ya bodaboda, imefungwa kwa bati la kopo na gundi. Ya kwake ingekuwa kabureta ya Kiingereza ya Amal, yenye kikombe cha mafuta kinachoning'inia pembeni. Nawaonya wanaotaka kuuziwa Amal ambayo kikombe kimeumbwa pamoja na mwili wake: hiyo ni ya kuanzia katikati ya miaka ya 50, ni nzuri, lakini si ya M20 ya vita.

Nije kwenye umeme, uliotula miezi.

Kwenye M20 cheche na taa ni nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Magneto inazalisha cheche bila kuomba kitu kwa betri. Juu yake imelazwa dainamo, imefungwa kwa mkanda wa chuma, inazungushwa na gia ya faiba yenye klachi ndogo ndani yake. Ndiyo maana pikipiki hizi huwaka hata betri ikiwa imeibwa, na ndiyo maana mafundi wengi huacha taa zife, kwani safari inaendelea tu. Tuliweka plagi juu ya silinda, tukapiga kiki. Cheche ikatoka, nyembamba, ya njano. Kapasita iliyo ndani ya amecha, ile sehemu ya magneto inayozunguka, huzeeka, na ugonjwa wake mnaujua: pikipiki inawaka asubuhi ikiwa baridi, ikipata moto inagoma njiani. Hatukuifungua.

Lucas, waliotengeneza vifaa hivi vya umeme, walikuwa na tabia nzuri ya kugonga mwezi na mwaka kwenye vitu vyao. Mnasafisha kwa kidole na mafuta kidogo, mnamulika tochi kwa ubavu, si kwa mbele, na tarakimu zinajitokeza. Kwenye magneto tulisoma 8 42. Kwenye dainamo tulisoma 5 52, na ni ile ndefu ya wati 60 iliyokuja baada ya vita, si ile fupi. Katauti, kifaa kinachounganisha na kutenganisha dainamo na betri, nayo ina mwaka huo huo wa 52.

Hapa ndipo ugomvi ulipozuka, na tukatoka kikaoni saa nne usiku bila muafaka. Kundi moja: dainamo ni Lucas, imekaa mahali pake, kwa hiyo ni orijino. Kundi la pili: haikuzaliwa na pikipiki, itolewe, itafutwe fupi ya 1942. Mimi nasema wote mlikuwa mnajibu swali ambalo familia hawakuuliza. Mwaka 1952 pikipiki hii ilikuwa tayari kwa marehemu. Dainamo ile aliiweka yeye, au alimlipa fundi aiweke, huenda kwa sababu alitaka taa za kumwonyesha njia ya shambani usiku. Ni ya baba. Kuitoa ni kumtoa yeye.

Ushahidi mwingine upo kwenye betri. M20 za vita zilifungwa hasi kwenye fremu. Lucas walibadilisha wakaanza kufunga chanya kwenye fremu kuanzia mwaka 1951 hivi. Yetu tuliikuta chanya ndiyo imefungwa kwenye fremu. Mmoja wetu, simtaji, alikuwa ameshashika waya kuugeuza akisema fundi alikosea. Tulipounganisha betri ya volti 6 kupitia fyuzi, jinsi ile ile tulivyoikuta, na kuwasha taa, sindano ya ameta, kile kipimo cha umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, ilielekea upande wa kutoa, kama inavyotakiwa. Aliyegeuza betri aligeuza na waya za ameta. Alijua anachofanya, na anastahili heshima kuliko wengi tunaowalipa leo. Kumbukeni pia kwamba ukigeuza upande, dainamo lazima iamshwe upya kwa kugusishwa betri kidogo kwenye ncha yake yenye herufi F, la sivyo itachaji kinyumenyume na kuunguza katauti.

Waya za fremu zote ni za plastiki, nyingine ni za taa za nyumbani, nyeupe pacha. Zile ni za mafundi wa juzi na zitatoka. Lakini tulipofungua kioo cha taa ya mbele, ndani kabisa nyuma ya swichi, tulikuta vipande viwili vya urefu wa kidole: mpira mweusi uliokauka kama kashata, umevikwa uzi wa pamba uliosukwa, na ncha moja bado ina kiatu cha shaba kilichochomelewa kiwandani. Hivyo ndivyo vilivyobaki. Vimefungwa kwenye bahasha ya khaki, vimeandikwa mahali vilipotoka, na havitarudishwa kwenye kazi. Waya mpya zitakuwa za uzi wa pamba, na tutafuata njia zake kwa alama za vibanio kwenye rangi ya fremu.

Kamati imeamua, na naomba mkutano ukubali, kwamba pikipiki yoyote inayoingia chini ya chama haitaoshwa kwa mashine, haitapigwa mchanga wala kupuliziwa rangi kabla watu wawili hawajaipiga picha kila upande na kusoma kila mhuri. Kila kinachotolewa kiingie kwenye bahasha yenye jina, hata kama ni nati mbovu.

Lile neno la mahesabu: fedha zilizotengwa kwa ajili ya rangi hazijatumika. Naomba zihamishiwe kwenye kusukwa upya kwa amecha ya magneto na kutafuta Amal ya kikombe cha pembeni. Mwenye ndugu Mombasa aulizie, kule bado kuna maduka yenye maboksi ambayo hayajafunguliwa.

Familia watakuja siku ya mkutano. BSA ipo barazani kwangu chini ya turubai, kila kitu kimefungwa kikaratasi: cheupe kilichokuja nayo, cha kijani cha baba, chekundu cha mafundi. Njooni muione, na mwenye kitambaa cha maji akiache nyumbani.

Wenu,
Mwenyekiti