Materuni, Chemka na Marangu kwa Jumamosi moja? Tutakukatalia, na sababu ni hizi

Ujumbe huo huingia Jumatano jioni, na karibu kila wiki ni uleule: "Habari dada, tuko nane, marafiki wa siku nyingi, tunakuja Moshi wikiendi. Jumamosi Materuni, Chemka na Marangu, Jumapili tunageuza. Bei?" Kazi yetu hapa Moshi ni kutembeza wageni na kuwapa vyumba, na nikijibu kwamba siku hiyo tutawapeleka sehemu moja, ikizidi sana moja na nusu, kinachofuata ni kimya. Halafu mmoja wao anauliza kama tatizo ni gari letu.

Gari ni zima. Tatizo ni jinsi nchi yenyewe ilivyokaa.

Simama pale mnara wa saa mjini Moshi, uso uuelekeze mlimani. Materuni, kijiji cha maporomoko na kahawa, iko mbele yako, juu, kupitia Uru. Marangu iko kulia: unashika barabara ya Dar hadi Himo, unakata kushoto na kuanza kupanda. Chemka, chemchemi ya kuogelea, iko nyuma yako upande wa kushoto: barabara ya Arusha hadi Boma Ng'ombe, unakata kushoto kuteremka, lami inaisha na vumbi la Rundugai linaanza. Sehemu tatu, pande tatu, na kila ukimaliza moja unateremka kwanza ndipo uanze nyingine. Kwenye simu zinaonekana zimebanana. Materuni ni kilomita kama 15 tu kutoka mjini, lakini hizo ni kilomita za kona, gia ndogo, na kusimama pembeni kupisha gari linaloshuka na mikungu ya ndizi. Huku chini nako barabara kuu zimejaa vibao vya 50, na askari wa tochi hapumziki wikiendi. Dereva wetu hakimbizi gari kwa sababu abiria wamechelewa kuamka.

Kinachokula muda zaidi ni Materuni yenyewe. Kutoka gari linapoishia mpaka kwenye maporomoko ni mwendo wa miguu wa kama dakika 45, na hiyo ni kwa watu wanaotembea, si wanaopiga picha kila penye kijani. Maji yanaanguka kutoka mita zipatazo 80 na ni baridi ya kukata pumzi. Kila kundi lina mmoja anayeapa kwamba ataingia, na kila mara ndiye wa kwanza kutoka. Baada ya hapo ni kurudi kwenye kahawa, na kahawa haina haraka. Mnakoboa kwa kinu, mnapepeta, mnakaanga kwenye chungu juu ya kuni hadi moshi ubadilike harufu, mnarudi kwenye kinu kutwanga, ndipo mnachemsha na kuchuja. Kutwanga kuna nyimbo zake, na wenyeji hawakubali mgeni akae amekunja mikono. Nimewaona watu ambao hawajaonana ana kwa ana tangu chuo wakipokezana mchi na kuchekana. Ukiwakatiza hapo kwa kusema "jamani, Chemka inatusubiri", umewanyima kilichowaleta.

Nasema hivyo kwa sababu tuliwahi kufanya kosa hilo. Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa hatujui kumkatalia mteja. Walikuja wanawake sita waliowahi kukaa bweni moja, wakataka Materuni na Chemka siku moja, nasi tukasema sawa. Basi lao lilichelewa, Materuni tukaanza saa tano, kahawa ikaishia njiani, na Chemka tukafika jua linazama. Walioga kwa robo saa, gizagiza, hakuna aliyeona chini maji yalivyo safi. Mmoja wao tangu mwanzo alikuwa amesema yeye anakuja kwa ajili ya Chemka tu. Alirudi mjini na nguo mbichi, kimya, na kimya chake kikalijaza gari zima. Sehemu ya fedha tuliwarudishia. Tangu siku hiyo jibu letu ni lilelile, hata mteja akiongeza hela.

Tunachowapangia kinategemea mnatoka wapi, na hapa ndipo wengi wanapojipotezea saa bila kujua. Mkitokea Arusha kwa gari, Boma Ng'ombe mnaipita kabla ya kufika Moshi, kwa hiyo Chemka haihitaji safari yake peke yake. Iwekeni Jumapili wakati wa kurudi, asubuhi na mapema, kabla muziki na umati wa mchana havijafika. Mkitokea Dar, Himo iko njiani, basi Marangu ndiyo ya Jumapili: mnaaga nyumba ya wageni na mizigo yenu, mnapanda Marangu, mnaona maporomoko ya Kinukamori na mapango ambayo Wachagga walijifichia enzi za vita, mnakula, mnashuka Himo na kuendelea na safari. Jumamosi nzima inabaki ya Materuni. Anayetaka zote tatu aje Ijumaa asubuhi, na hapo tutazungumza lugha moja.

Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023, wateja wengi wa Dar hupanda Ijumaa jioni na kufika kunakucha. Ni mpango mzuri kwa mfuko. Ila aliyelala ameegemea dirisha la basi si wa kuanza kupanda Uru saa moja asubuhi. Tunawapa chumba cha kuoga na kujinyoosha, chai na mtori, tunaondoka saa tatu. Faida moja ya kufika alfajiri ni kwamba mlima mtauona. Asubuhi Kibo huwa wazi, ikifika saa nne au tano mawingu yanamfunika, na mara nyingi hajifunui tena mpaka jioni. Anayeamka saa sita hurudi Dar akisema Kilimanjaro hakuuona, na kwa kweli hakuuona.

Chemka nayo ina maelezo yake, kwa kuwa jina linawachanganya wageni. Maji hayachemki kwa moto, yanabubujika kutoka chini, na joto lake ni la maji ya kuoga mtoto. Yana kina. Asiyejua kuogelea akodi boya palepale na asione haya, maana kamba ya kurukia inawashawishi hata wasioweza. Kuna visamaki vinavyodonoa nyayo. Wengine hulipia huduma hiyo mjini, hapa ni bure.

Mavazi nayagusa tu. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 na una joto. Waliokuja na makoti mazito ya kuvaa mjini wameyabeba bure. Baridi iko juu, Marangu hasa, na Juni na Julai haina utani. Viatu viwe vya kufunga kamba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wa Uru unateleza kama sabuni, na ikinyesha usiku kucha tunaweza kubadilisha ratiba asubuhi hiyohiyo bila kuwauliza mara mbili. Tarehe mbili za kuogopa kwenye kalenda: wikiendi ya mbio za Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari, na wiki ya Krismasi, Wachagga wanaporudi nyumbani. Hapo vyumba vinakwisha mapema, na hata sisi wenyeji tunalaza ndugu sebuleni.

Sasa fedha, maana safari nyingi hufia hapo na si mlimani.

Bei yetu ya usafiri ni ya gari, si ya kichwa. Mafuta ya kupanda Materuni ni yaleyale wakiwa wanne au saba. Kwa hiyo kundi la saba likipungua na kubaki watano Ijumaa usiku, hao watano ndio wanaobeba pengo, na manung'uniko huanzia hapo. Tulijaribu kumdai kila mtu sehemu yake. Tukajikuta tunapiga simu saba, mmoja yuko kwenye kikao, mwingine mshahara haujaingia, wa tatu anasema alishamtumia yule wa pili. Siku hizi tunataka mhazini mmoja. Yeye anakusanya, yeye anatuma kianzio cha nusu kabla ya Alhamisi, risiti inaandikwa kwa jina la kundi. Kianzio kikiingia chumba ni chenu hata mchelewe, kisipoingia tunampa mwingine. Kuna waliokasirika wakasema hatuwaamini. Tunawaamini sana, lakini mwenye kituo cha mafuta haniuzii kwa kuaminiana.

Shauri moja ambalo halituhusu, natoa kama dada: mhazini asiwe yule mpole asiyeweza kudai. Huyo mwisho atawalipia nyote na hatasema, na mwakani hatakuja.

Chakula cha Jumamosi usiku hatukiweki kwenye bei. Mjini kuna mbuzi wa kuchoma na ndizi, kuna machalari, kuna kisusio kwa asiyeogopa kuuliza kimetengenezwa na nini. Kila mtu ana tumbo lake na mfuko wake, na tukiwapangia kwa pamoja, asiyekula nyama anakuwa amelipia mbuzi wa wenzake. Mbege, pombe ya Wachagga, mtaionja Materuni au Marangu. Ni ndizi na ulezi, inakwenda taratibu kama uji, kisha miguu inagundua kuwa haikuwa uji. Dereva haonji.

Ukituandikia, tuambie vitu vinne: mnatoka mji gani, mnafika saa ngapi, nani hawezi kutembea mwendo mrefu, na mko wangapi. Hicho cha nne ndicho kinachotusumbua kuliko vyote. Noah yetu inabeba abiria saba na dereva, na trafiki wa Himo anajua kuhesabu. Mkiwa nane ni Hiace, bei nyingine. Mkiwa "saba na mmoja atathibitisha", mpigieni huyo mmoja kwanza, halafu mtuandikie.