Mama, hizo Jumamosi zangu anazozisema Ami

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi huku Leeds ni mzima, alhamdulillahi, na baridi imeanza kulegea kidogo. Zuhura, msomee Mama taratibu na usiruke mahali, hata pale nitakapomtaja Ami.

Maana habari zimenifikia. Naambiwa kwenye kikao cha harusi ya Mwanakombo, Ami alitoa simu akawazungushia watu picha zangu za Whitby na York, akasema, "Mtazameni, kila Jumamosi yuko matembezini, lakini elfu hamsini zinamshinda." Na nyote kimya. Wewe sikulaumu, Mama, mbele ya wakwe ungesema nini? Lakini Fauz alikuwepo, na nauli za matembezi hayo anazijua moja moja, nilimweleza mimi mwenyewe.

Basi na Ami azijue. Huku nauli ya basi serikali imeiwekea kikomo, pauni 3 kwa safari, na mabasi mengi yanafuata. Kwa hizo pauni 3 nimetoka Leeds hadi Whitby, mji wa wavuvi kwenye pwani ya mashariki, zaidi ya saa tatu barabarani. Treni nina kadi ya vijana inayonipunguzia theluthi ya nauli. Makumbusho makubwa ya taifa hayana kiingilio. Chakula nabeba: chapati nilizosukuma usiku na chupa ya chai. Nikikaa chumbani siku nzima na kuwasha joto, wallahi natumia zaidi. Na mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo hata nikitaka kuiuza hiyo Jumamosi, siruhusiwi. Ya kazi yenyewe tuyaache, ipo na inanilisha.

Whitby ungeipenda, Mama, ila ungelalamika. Kuna ngazi 199 za mawe za kupanda hadi kanisani, na ng'ambo ya bandari wamesimamisha mifupa ya taya ya nyangumi ikawa lango, watu wapita chini yake wakipigwa picha. Samaki na chipsi wanakula nje, kwenye mabenchi, wamevaa glavu, upepo unawapiga usoni. Mwenzangu mmoja wa darasani alinyanyua chipsi moja tu, shakwe akashuka akampokonya mkononi, hana haya kama kunguru wa Marikiti. Tulicheka sana. Halafu nikatazama ile bahari, kijivu, hakuna hata mtoto mmoja anayejitupa majini, nikatamani mihogo ya kuchoma ya kule ufukweni Mama Ngina na pilipili yake mpaka mate yakanijaa. Nilinyamaza njia nzima ya kurudi.

Lakini safari niliyotaka kukueleza hasa ni ya Manchester, na hiyo Ami hakuionyesha kikaoni kwa sababu sikuweka picha.

York nilishaona injini nyingi za treni. Iko Mallard, ya buluu, iliyokimbia maili 126 kwa saa mwaka 1938, na hakuna injini ya mvuke iliyoivunjia rekodi mpaka leo. Nzuri, sikatai. Ila Babu hakuendesha nzuri, aliendesha kubwa. Ndiyo nikaenda Manchester, maana injini zake zilitengenezwa huko, mtaa wa Gorton, kwenye kiwanda cha Beyer, Peacock. Kiwanda kilifungwa mwaka 1966. Lakini kuna makumbusho ya sayansi na viwanda, kwenye stesheni ya reli ya mwaka 1830, na humo imo injini ya aina ya Garratt, kama zile za Babu, iliyofanya kazi Afrika Kusini. Mama, hilo dude! Magurudumu yake yamegawanywa mafungu mawili, mbele na nyuma, na tangi la mvuke limening'inizwa katikati, ili likifika kwenye kona lijipinde. Babu alikuwa akituonyesha kwa mikono yake miwili, na sisi tukidhani anatia chumvi.

Kulikuwa na mzee wa kizungu anayewaelezea wageni, akiwasimulia watoto jinsi makaa yalivyotiwa kwa sepetu. Nikamwambia kwa adabu, za kwetu Mombasa hazikula makaa, zilichoma mafuta. Akanigeukia. Umejuaje? Nikasema babu yangu alikaa upande wa moto kabla hajapewa kuendesha, Mombasa hadi Nairobi. Mzee akashika kichwa! Akanitajia mwenyewe: injini za aina iliyoitwa 59, zilikuwa 34, kila moja tani 250 na ushei, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Akamwita mwenzake, wakaniletea kiti, na wazee wawili wenye mvi wakaketi kunisikiliza mimi, mtoto wa Majengo. Profesa wangu hajawahi kunisikiliza hivyo.

Sasa niambie, hayo ni starehe? Ami ndiye mwana wa Babu, na kiinua mgongo cha reli ndicho kilichonunua kile kiwanja cha Mtwapa. Kilipouzwa hakikuitwa kikao wala simu haikuzungushwa. Siendelei, ni mkubwa wangu. Zuhura, hapo pia usiruke.

Kuhusu pesa: elfu kumi na tano ziko kwenye simu ya Zuhura tangu jana. Ni za mabati ya kwako, Mama, kabla mvua za masika hazijakaza. Si za maturubai, si za bendi. Mwanakombo nitamtumia zawadi yake mwenyewe, mkononi mwake, asipewe mtu amshikie. Na elfu hamsini sina, mwambieni hivyo hivyo bila kuzunguka.

Ombi langu ni moja. Ile picha ya Babu iliyoko chumbani kwa Bibi, amesimama Changamwe mbele ya injini, Fauz aitoe kwenye fremu kwa uangalifu aipige vizuri kwa simu, na hasa zile namba za mbele. Nadhani zinaanza na 59 lakini kioo kimeingia ukungu. Yule mzee amesema akipata namba atanitajia na jina la mlima. Itumeni kabla ya Jumamosi, nimeshakata tiketi.

Mwanao,
Badi