Babu Bama huenda hakufika Bama

Voi, Jumapili usiku

Mghoi wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sote tu wazima, ukiondoa magoti ya nyanya na yule ng'ombe wa mjomba ambaye sasa amejifunza kufungua geti mwenyewe. Mvua ilikuja, ikatutazama, ikaenda zake. Habari za Nairobi nitakuuliza baadaye, maana nikianza na umbea leo sitafika ninapotaka kufika.

Nataka uniendee makaburini. Usicheke. Yale makaburi ya wanajeshi pale Ngong Road.

Habari za Babu Bama unazijua, kila Krismasi ukija kwetu ulilishwa pilau na yeye. Kakake nyanya aliyechukuliwa Keya, jeshi la Waingereza la huku kwetu, wakati wa vita vya Hitla, akapelekwa Bama, yaani Burma kule Asia, kupigana na Wajapani, akaona wasichana wa huko wazuri, akaoa, akasahau kurudi. Watoto wake wana nywele za kulala. Nyanya husema hivyo bila kutabasamu, na ndiyo maana kile kipande cha shamba cha kule chini, karibu na kijito, hakijalimwa mpaka leo. Ni cha kaka. Siku watoto wake wakija, watajenga wapi?

Sasa wajomba wanataka shamba ligawanywe na kila mtu apate hati yake. Ofisi inataka karatasi ya kifo cha Babu Bama. Nyanya anasema hakuna kifo, karatasi itoke wapi? Kikao cha mwisho kiliishia watu kutupiana maneno ambayo sitayaandika hapa, Mjomba mdogo akiongoza kama kawaida yake.

Katikati ya hayo watoto wakapiga mpira ndani ya nyumba, ile picha yake ya ukutani ikaanguka, kioo kikavunjika. Unaijua: amesimama wima, mkono mmoja juu ya kiti, kaptula imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate, na buti zinazoonekana si za miguu yake. Hakuna aliyewahi kuitoa kwenye fremu. Nyuma yake kuna maandishi ya penseli yaliyofifia: "Mombasa, Januari 1944. 301 E.A.A. Nasalimu wote."

Nikampelekea Mwalimu Fimbo. Bado yu hai, bado mkali, bado anauliza swali halafu analijibu mwenyewe. Alipoona ile 301 alinyamaza, na wewe unajua yule mzee hanyamazi. Akaniambia: hiki ni kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na kikosi hiki, binti yangu, hakikufika.

Mghoi, kulikuwa na meli ikiitwa Khedive Ismail. Ilitengenezwa Uskoti kwa ajili ya watu wa Chile, ikauzwa Misri, ndiko ilikopata jina la kifalme, halafu vita vilipoanza Waingereza wakaichukua kubeba wanajeshi. Mapema Februari 1944 iliondoka Kilindini, bandari ya Mombasa, kwenda Colombo, ikiwa katika msafara wa meli tano zilizolindwa na manowari. Ndani walikuwa watu 1,511. Karibu elfu moja walikuwa wa kikosi hicho cha 301, vijana wetu pamoja na maofisa wao wa Kizungu. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi na wanawake wa jeshi. Walikuwa wanaenda kuungana na wenzao waliotangulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, kwa mazoezi, kisha ndiyo Bama.

Tarehe 12, Jumamosi mchana, wakiwa karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliyoitwa I-27 ikawapiga topido mbili. Meli ile ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Wewe hesabu. Ni muda wa kutafuta kiatu cha pili. Wengi wa vijana wa mizinga walikuwa chini, ndani kabisa, na ngazi ni zile zile chache. Na hata aliyefika juu, Mtaita wa mlimani, kuogelea alijifunzia wapi?

Lakini si hapo ninapokwama. Ninapokwama ni kilichofuata.

Waliobahatika walikuwa wanaelea, wameshika mbao na maboya. Manowari mbili, Petard na Paladin, zilirudi. Paladin ikaanza kushusha mashua kuwaokoa. Wakati huo ile nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, chini ya watu wenyewe wanaoelea. Kapteni wa Petard alikuwa na yale mabomu yanayolipukia chini ya maji. Akiyarusha, anaua watu wake. Asiporusha, nyambizi itazifuata zile meli nne zilizobaki, nazo zimejaa watu. Akarusha. Watu walikuwa wameanza kumshangilia wakidhani amewajia.

Mwishowe nyambizi ililazimika kuibuka, Paladin ikajaribu kuigonga ikapasuka yenyewe ubavuni, mizinga ikashindwa kuimaliza, mpaka Petard ikaizamisha kwa topido baada ya kukosa mara kadhaa. Walikufa watu 1,297. Wakapona wanaume 208 na wanawake sita. Wanawake 77 walikufa pale, na jeshi la Waingereza na wenzao halijapoteza wanawake wengi hivyo kwa siku moja, kabla wala baadaye. Haya yote yalitokea, na sisi tukasoma historia kidato cha kwanza mpaka cha nne, tukakariri mabunge ya Ulaya na mikataba yao. Uliwahi kusikia jina la meli hiyo? Mimi hapana.

Mwalimu Fimbo anamtetea kapteni. Anasema hesabu ya vita ni hiyo, mia wafe wapone maelfu, na kwamba kama angewaacha, leo tungekuwa tunamlaani kwa meli nyingine. Nimemkubalia kwa mdomo. Lakini najiuliza kama kuna mtu aliyewahi kuja huku mlimani kumwambia mama mzazi lolote, sembuse hilo. Barua ya serikali kama ilikuja, nyumbani hakukuwa na wa kuisoma, na mama yao alikufa akijua mwanawe ana wakwe huko Bama.

Na sasa kile kinachohusu miguu yako. Pale Ngong Road kuna mnara wa kumbukumbu wa wanajeshi ambao hawana kaburi, wakiwemo waliozama na Khedive Ismail. Jina la Leakey lipo pale pia. Si Louis, yule wa mafuvu ya watu wa kale, ni binamu yake, Sajini Nigel Leakey wa Keya, aliyepanda juu ya kifaru cha Waitalia kule Colito, Ethiopia, Mei 1941, akafungua mlango wake wa juu na kuwapiga risasi waliokuwa ndani isipokuwa dereva, kisha akafa siku hiyo hiyo. Alipewa Msalaba wa Viktoria. Mwambie shemeji yako wa Dar kwamba kambi yao ya Lugalo iliitwa Colito kwa ajili ya vita hivyo. Atajidai alikuwa anajua. Ushujaa wa mtu mmoja juu ya kifaru una jina la kambi, na kikosi kizima kilichozama hakina hata kibanda cha mkaa. Lakini hiyo ni hasira yangu tu, iache.

Ukifika, mlinzi huwa na kitabu cha majina, muombe. Jina lake kamili nimeliandika kwenye karatasi ya pili, kwa namna zote tatu ambazo karani Mzungu angeweza kulikosea. Angalia pia kwa jina la baba peke yake. Kama lipo, piga picha, ya karibu na ya mbali. Ukikosa matatu ya Ngong Road usinilaumu, na usiende na yule bwana wako wa kupenda njia za mkato.

Kuna kitu kingine sijamwambia hata Mwalimu. Nyanya aliniona nikiandika yale maneno ya nyuma ya picha kwenye daftari. Akaniuliza, "Kasema nini?" Nikamjibu ametusalimu. Akafurahi sana, akaniambia nirudishe salamu. Sasa mimi...

Basi niambie wewe uliyemlea mama mkwe mpaka mwisho: namwambia? Nikimwambia, namwambia mpaka wapi, meli tu au na mabomu? Je, jina likipatikana tuwape wajomba karatasi yao wagawane, au tusubiri mpaka nyanya mwenyewe aseme? Unadhani amekuwa akijua siku zote na hizo nywele za kulala ni maneno tu? Unaweza kwenda wiki hii au mpaka mwisho wa mwezi? Mtoto amepona kikohozi? Na ile kazi ya Westlands walikujibu? Bado unakula nyama pale soko la Burma kila Jumamosi kama mtu asiye na kodi ya nyumba?

Nijibu kwa maandishi tafadhali, usinipigie. Simu ya hapa nyumbani kila mtu anasikiliza, na nyanya masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Wako,
Wakesho

Nimemtumia dereva wa basi la asubuhi mfuko wa maembe na hii barua. Maembe ni saba. Yahesabu mbele yake.