Kwa vijana wakulima wa kahawa wa Elgon: baridi haifuatwi juu

Vijana wangu mnaolima kahawa kwenye Mlima Elgon, Uganda, Kapchorwa, Sironko hadi Bududa, salamu.

Nasikia baadhi yenu mnataka kuuza mashamba ya chini kwa sababu ya joto, mkatafute baridi juu mlimani. Hesabu yenu si ya uongo. Kahawa aina ya arabika hupenda wastani wa nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, na hewa hupoa kama nyuzi 0.6 kila mnapopanda mita 100. Joto likizidi nyuzi moja tu, baridi ile ile mtaikuta mita 170 hivi juu zaidi. Lakini mlima huchongoka: ardhi inapungua, mnagota kwenye mpaka wa hifadhi ya taifa, na miteremko mikali ikikatwa miti huporomoka. Maporomoko ya Nametsi, Bududa, ya Machi 2010 hamjayasahau.

Kwa hiyo punguzeni joto hapo hapo mlipo. Pandeni miti ya kivuli kama mringaringa au mutuba, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, na migomba katikati ya mibuni iwe kivuli cha muda miti ikikua. Mkaratusi hapana, inanyang'anya kahawa maji. Wala msizidishe: shamba likiwa giza, maua hupungua, unyevu hukaa na chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda ya kahawa, huingia. Punguzeni matawi ya miti ya kivuli kabla ya mvua. Matandazo, yaani nyasi na majani makavu ya kufunika udongo, yawe unene wa sentimita 10, yaache shina wazi kiasi cha shubiri moja, la sivyo gome huoza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mdudu mtoboa buni. Zamani baridi ilimzuia kupanda juu. Siku hizi joto linafupisha muda wake wa kukua, kwa hiyo vizazi vinaongezeka ndani ya mwaka mmoja. Jike hutoboa tunda kwenye kitovu na kutaga ndani ya punje. Akishaingia, dawa haimfikii, na pesa ya kupuliza imepotea. Chumeni mbivu kila wiki mbili au chini ya hapo. Msimu ukiisha, ondoeni kila tunda lililobaki mtini na lililoanguka, hata yale makavu meusi mnayoyadharau, kwa sababu humo ndimo anamongojea msimu ujao. Yachemsheni au yafukieni nusu mita. Jirani asipofanya hivyo, mdudu atarudi kwako, kwa hiyo kubalianeni kijiji kizima.

Mwenye shamba chini ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari ajaribu kahawa aina ya robusta, kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kwenye robo ya shamba kwanza, kabla hajang'oa arabika yote.

Mzee wenu.